Neno la Mdenmaki Lililoniliza

Dada yangu Igoki,

Poleni na mvua, maana nasikia huko Embu inanyesha mpaka barabara haipitiki. Kifua cha baba kinaendeleaje? Na watoto wa darasa lako, bado wanakukausha koo? Mimi ni mzima wa mwili, lakini nimepata mshtuko ambao mpaka sasa haujanitoka.

Unajua madam wangu hapa Riyadh si Mwarabu. Ni mtu wa Norwe aliyeolewa na Msaudi. Binti yao, Lina, anafundishwa kusoma Kinorwe, na mimi nikipika nasikiliza. Wewe mwalimu utashangaa: herufi zao ni kama zetu mpaka Z, halafu wanaongeza tatu, Æ, Ø na Å. Hiyo Ø peke yake ni neno zima, maana yake kisiwa! Nikijaribu kuitamka Lina hucheka, "Du er rar!" Yaani, wewe ni kituko. Hilo neno nikalishika vizuri.

Juzi tulikwenda Jeddah kwa rafiki wa madam, mama wa Denmaki. Alikuwepo na mwenzao wa Uswidi. Dada, kila mmoja anaongea lugha yake na wanaelewana, kama sisi Waembu na Wameru! Mswidi anaongea kama anaimba, Mdenmaki anameza nusu ya kila neno, na hakuna anayeuliza "umesema nini?"

Wakiwa katikati ya mazungumzo, mtoto mdogo wa Mdenmaki akakabwa na kokwa ya tende. Midomo ikageuka rangi. Mama yake akabaki kupiga mayowe. Nikatupa sinia, nikamnyakua, nikamlaza kifudifudi mkononi na kumpiga mgongoni mpaka kokwa ikaruka sakafuni. Akalia.

Yule mama akamkumbatia mwanawe, akanitazama, akamwambia madam, "Hun er så rar."

Igoki, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya barafu. Nimemtoa mwanawe mdomoni mwa kifo, halafu naitwa kituko? Niliingia jikoni nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto. Madam akanifuata.

"Wawira, umeumia?"

"Madam, halas, imetosha. Nirudishe kwetu. Nimesikia alivyoniita."

"Amekuitaje?"

"Rar."

Akajishika mdomo. "Hapana, Wawira! Hiyo ni rar yetu sisi. Kwao rar ni mtu mwema, mtu mwenye roho nzuri. Hata kwa Waswidi ni neno zuri. Ni sisi Wanorwe tu ndio tunaolitumia vibaya."

Neno lile lile, herufi zile zile, huku ni tusi na kwa jirani ni sifa!

Mdenmaki akaja na mtoto begani. Alipoelezwa, uso ulimwiva. Akaketi pale chini kando yangu, juu ya vigae. Kila akija Riyadh ni mimi humpa chai, lakini siku hiyo ndipo aliponigeukia mara ya kwanza akaniuliza, "Unaitwa nani?" Akalirudia jina langu, akakosea, akarudia tena, mpaka akalipata.

Mwambie baba asiache dawa. Nisalimie shemeji Njeru, na shangazi anayetuangalizia ng'ombe. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Wawira