Ustadhi Amemcheka Baba Darsani

Shoga, nimetoka darsani na hasira zangu.

Ustadhi alikuwa anatueleza habari za msimulizi mmoja wa kale wa hadithi za Mtume, mtu mkweli ila uzeeni kumbukumbu ilimpotea. Si akaanza kumkejeli! "Alikuwa anaropoka tu, kama mzee wetu huyu hapa."

Akamnyooshea kidole baba yangu. BABA! Aliyemfundisha yeye alifu kwa kijiti!

Watu wakaangua kicheko.

Nikasimama. "Wanazuoni waliyapokea yote aliyosimulia kabla hajachanganyikiwa. Walimheshimu. Wewe huna hata haya!"

Eti, "Kaa chini, una mdomo wewe!"

Nikamshika baba mkono tukatoka. Na baba mwenyewe alikuwa anacheka nao, shoga.

Mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, kwani walikuwa wanamcheka nani?"