Sukari Chini ya Kitanda Changu

Nana, babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Usishangae kuona Kiswahili. Barua zangu za Kigujarati najua Mjomba huzisoma kwa sauti kibarazani, na majirani wanaleta viti kuja kusikiliza habari za Afrika. Hii sitaki waisikie. Katika nyumba hiyo ni wewe tu uliyezeeka nyuma ya kaunta ya Mtwara, ukisoma gazeti la Kiswahili kuanzia juu mpaka chini kabla ya kulikata vipande vya kufungia chumvi. Isome peke yako, kisha ukiona vema, ichane.

Barua yako imefika. Umeniuliza kama huku sukari ipo, na umeniagiza nikuandikie ombi kwa Kiingereza. Baba alinisikia nikiisoma, akasema nikujibu kwamba ipo, ya kutosha, Mungu ametujalia. Ni kweli, Nana. Ipo. Iko chini ya kitanda changu, imefunikwa shuka kuukuu, na mimi nalala juu yake.

Nimeandika hayo na masikio yananiwaka. Ngoja nipumzike kwa kukumbuka mambo mengine.

Unakumbuka uchaguzi ule, mgombea mmoja alama yake jembe na mwenzake nyumba? Wewe hukuruhusiwa kupiga kura. Ulikuwa mgeni mwenye kibali, ingawa mtaa wetu wote wa Ufukoni ulikujua kwa jina. Hata hivyo ulinishika mkono tukaenda kwenye mkutano wao, tukasimama nyuma kabisa, na ulipiga makofi kwa wote wawili ili asikasirike mtu. Siku ya kura, kila mteja aliyeingia ulimuuliza, jembe au nyumba? Wakakujibu kwamba ni siri yao, Mzee Valji, hata mke hajaambiwa. Ulicheka nao. Lakini walipotoka uliwasindikiza kwa macho mpaka mwisho wa barabara, na mimi mdogo vile niliona kwamba kucheka kwako hakukufika ndani.

Ndiyo maana barua yako ya kwanza kutoka India ilinifurahisha mno. Kura ya kwanza maishani, na mvi zote hizo! Uliniandikia kwamba hata huko kila mgombea ana picha yake, asiyejua kusoma naye achague. Kwamba walikupaka wino kwenye kidole, nawe ukamwonyesha kila uliyekutana naye mpaka Mjomba akaona haya. Uliandika pia kwamba kabla ya siku hiyo mgombea mmoja alipita na gari akigawa mablanketi, nawe ukalirudisha la kwako ukamuuliza habari za mtaro unaonuka mbele ya nyumba. Akakuahidi kuushughulikia. Naona katika kila barua mtaro bado unanuka.

Na sasa ni duka la mgao. Unasema kila nyumba ina kadi yake, mnapanga foleni jua halijatoka, na mkifika mbele mwenye duka anawaambia sukari imekwisha, kumbe ameificha stoo na kuwauzia wenye hoteli kwa mlango wa nyuma. Ulipokwenda ofisini, karani alikuambia malalamiko ya mdomo hayapokelewi. Ukaniandikia: "Dikri, binti yangu, mimi sasa ni raia. Niandikie."

Laiti ungeniagiza kitu kingine chochote, Nana.

Usimwone Baba kuwa mtu mbaya. Sukari inakuja kidogo, na mara ikija, mjumbe wa ofisi ya leseni anapita uani na kikapu chake. Baba anasema wakubwa wakikosa, leseni itakwenda, na sisi siku hizi tunaishi kwa hisani ya watu. Kwa hiyo sehemu inauzwa mbele, sehemu inaingia chumbani kwangu. Hakuniuliza. Alisema tu hakuna mtu atakayekwenda kupekua kitanda cha msichana.

Bi Somoe wa Magomeni unamkumbuka. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, naye ana mikorosho yake upande wa Naliendele. Ulikuwa ukimtania kwamba kanga za duka zima zimeishia mgongoni kwake. Ramadhani ilipoanza alikuja, akapanga foleni na wenzake. Alipofika mbele aliniomba hata kidogo tu, ya uji wa futari, kwa kuwa watoto wake wadogo wamefunga kwa mara ya kwanza. Nikamwambia imekwisha.

Mwanamume mmoja nyuma yake akasema, "Sukari ya hapa ina miguu, mama. Ikiona foleni inakimbilia uani."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Nana, maana sikujua uso niuweke wapi. Bi Somoe hakucheka. Akauliza hali yako huko kwenu.

Unajua mimi mbele za watu ulimi hufungwa. Lakini siku ile, ili tu tuondoke kwenye habari za sukari, nilisema vizuri kuliko siku zote. Nikamweleza foleni yenu, kadi zenu, yule mwenye duka na mlango wake wa nyuma. Kaunta nzima ikanyamaza kunisikiliza.

"Maskini mzee wetu," akasema Bi Somoe. "Na magoti yake yale. Hivi mtu anamfichaje sukari mzee kama yule?"

Mchana, duka limefungwa, nikaketi kitandani kuandika ombi lako. Kiingereza kilikuja chenyewe, kama siku ya mtihani niliousomea. Nilipomaliza nikampa Baba, maana yeye ndiye hukagua anwani. Unajua anavyosoma Kiingereza, polepole, kidole kikifuata mstari. Kidole kikasimama.

"Nana alisema stoo," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Wewe umeandika chumba cha kulala cha binti yake."

Sikukusudia. Nakuapia. Mkono uliandika ulichokijua. Nilitazama sakafu. Baba akanirudishia karatasi, akasema nifute, kisha akaenda kunawa mikono ingawa chakula kilikuwa bado. Baada ya hapo nilitegemea nikute magunia yameondolewa, lakini yalibaki palepale, wala Baba hakuyataja.

Siku chache baadaye Bi Somoe akarudi. Hakuja kununua. Alipita pembeni ya foleni akanipa kifurushi cha kitambaa: korosho alizobangua mwenyewe, vidole bado vyeusi kwa yale mafuta ya maganda. Akasema akipatikana mtu wa kusafiri kwenda India, nimpe akuletee. Mtu anayesimama foleni uzeeni anahitaji kitu cha kutafuna.

Kilikuwa bado na joto. Nikamwambia, "Bi Somoe, sukari ipo."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nadhani walisikia wote. Baba alikuwa kwenye mzani. Hakunitazama. Akasema nimletee, kama mtu aliyekumbuka kitu sasa hivi. Yule mwanamume wa juzi akauliza, "Na sisi je?" Baba akafuta sahani ya mzani kwa kiganja, kisha akasema nilete gunia.

Lilikuwa zito, nikalivuta sakafuni, na shuka langu lilikuwa limenasa kwenye mshono wa gunia likaja nalo mpaka mbele ya watu. Wote wakaona limetoka wapi. Hakuna aliyetukana. Afadhali wangetukana. Walipimiwa mmoja mmoja, wakaondoka wakiangalia chini, kama vile waliokamatwa ni wao.

Bi Somoe alikuwa wa mwisho kuondoka. Nilimnyooshea kifurushi chake, nikidhani sasa atataka kukichukua tena. Akakirudisha mkononi mwangu.

"Mpelekee mzee," akasema. "Yeye hakutuficha kitu."

Hajaja tena dukani. Mjumbe wa ofisi alikuja na kikapu, akaondoka nacho kitupu, na tunangoja kuona leseni itakuwaje. Baba anaongea nami mambo ya kazi tu. Wala simlaumu, anaogopa, na mimi pia naogopa.

Korosho anakuletea ndugu anayesafiri, pamoja na ombi lako. Yale maneno ya chumba cha kulala nimeyafuta, maana kwa huyo wa kwenu si ya kweli. Mengine yote yamo. Lipeleke, Nana, na usikubali karani akurudishe. Ila akikuuliza nani amekuandikia, tafadhali usijivune ukasema ni mjukuu wako msomi. Mwambie ni mtu wa nyumba yenye duka.

Nakushika miguu kwa heshima, Nana. Kaa salama, na kwenye foleni chukua kiti.

Mjukuu wako wa Ufukoni