Bahasha Iliyokosa Msindikizaji

Mwaka umekatika, Mama, tangu asubuhi ile ulipotuaga ukiwa umeshika mkono wa Baba, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kukalia kiti chako cha dirishani.

Watu walikuita Mchumi wakitegemea uwaeleze habari za bei. Kazi yako ilikuwa nyingine: kuchunguza namna binadamu anavyoamua, na hasa anavyokwepa kuamua. Miaka kumi na tisa ulikaa kwenye mabenchi ya kliniki, daftari mapajani, ukitaka kujua kwa nini mtu atoe damu ipimwe halafu asirudi kuchukua majibu. "Mchumi gani wewe, kazi kulinda foleni?" mdogo wako muuguzi alikutania, nawe ukacheka mpaka miwani ikateleza.

Ni wewe uliyegundua jambo dogo likasaidia wengi: mgonjwa aandike juu ya bahasha ya majibu yake, kwa mkono wake mwenyewe, siku atakayoifungua na msindikizaji, yaani mtu atakayeketi naye. Walioandika walirudi. Waliokimbia hukuwacheka hata siku moja. Ulisema anayeogopa hataki hotuba, anataka mtu wa kuketi naye.

Nyumbani nako hatukupona. Mtu akisitasita hata kuchagua viatu, unachungulia mlangoni: "Umeamua, au umekimbia?" Baba hujibu, "Nimekimbia, mke wangu, lakini chai nitakunywa."

Wiki mbili baada ya mazishi, Baba akitafuta vitambaa vya meza, aliikuta bahasha ya majibu yako mwenyewe chini kabisa ya droo. Ilikuwa na miezi kumi na minne, haijafunguliwa. Uliandika tarehe ukaikata, ukaandika nyingine ukaikata. Pa msindikizaji uliacha wazi. Jamani, Mama! Nyumba nzima ya watu, ukakosa wa kumwandika? Tulikukasirikia, hatukufichi. Baadaye tukaelewa kwamba hukutaka tuogope, na hapo ndipo tulipoumia zaidi.

Sasa tunaogopa. Daktari alisema ugonjwa wako, uliomchukua na Bibi, ni wa kurithi, akashauri binti zako wawili wapimwe. Kifungua mimba wako alifungua majibu yake, yuko salama. Bahasha ya kitinda mimba wako imekaa juu ya kabati siku ishirini na sita. Akipita hapo anageuza uso. Baba akimimina chai, nusu inaishia kwenye sahani. Tunaongea kwa kunong'ona, utadhani bahasha ina masikio.

Juzi Baba uvumilivu ulimwishia. "Mwanangu, umeamua, au umekimbia?"

"Nimekimbia, Baba." Machozi yakamtoka. "Naogopa mwenzenu."

"Hata mimi naogopa. Basi niandike."

Akaandika. Tarehe ni ya leo, saa nne asubuhi, na hajaikata. Pa msindikizaji alimwandika Baba, akamwandika dada yake, akamwandika na mama mdogo muuguzi, maneno yakapanda mpaka kwenye gundi. Kiti chako cha dirishani atakikalia kitinda mimba wako.

Hatujui ndani mna nini, Mama. Tunaogopa, lakini tumeketi.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili na mdogo wako muuguzi. Hutatutoka moyoni, majibu yawe yoyote yale.