Umeme wa Kuanika na Kuanua

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mize Ame Jaribu (Bi Mize)
Umri: Hana cheti. Anasema wakati wa Mapinduzi alikuwa ameshavunja ungo.
Kazi: Mkulima wa karafuu na muhogo
Dini: Muislamu
Makaazi: Shumba Mjini, Kaskazini Pemba
Tarehe: 14/11/2018, kuanzia saa 5 asubuhi
Kuhusu: Ngwali Mbarouk, anayeshikiliwa kwa tuhuma ya kuwaunganishia watu umeme na kuwauzia kinyume cha sheria
Shahidi hajui kusoma wala kuandika. Ametaka yaandikwe kama anavyoyasema.

Mie ndiye Mize uliyemwandika hapo juu, na nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu mmemweka Ngwali ndani tangu jana, na nasikia kesho mtampeleka mahakamani Wete. Ngwali hakuuza umeme. Umeme ni wangu, na huu hapa nimekuja nao, umo ndani ya kanga hii. Usiifungue kwanza mwanangu, nitafika.

Ngwali ni jirani yangu, ua kwa ua. Anatengeneza redio na simu hapo Konde. Mama yake, Mwanamize, Mungu amrehemu, tulikuwa tukichuma karafuu pamoja kwenye eka tatu alizogaiwa baba yangu baada ya Mapinduzi. Mwanamize alikuwa akipanda mkarafuu na mimba ya miezi saba, na mimba yenyewe ndiyo huyo mliyemfungia. Haya, narudi.

Umeme wa waya ninao. Mwanangu aliyeko Unguja ndiye aliyenivutia. Lakini ule umeme ni wa kununua kwa simu, unaletewa namba nyingi kama tasbihi, nami namba sizijui, kila ukiisha nimngoje mtu apite anibonyezee. Na unakwisha upesi. Nikiwasha feni adhuhuri, alasiri mita inalia kama kifaranga. Nkasema yakhe, mita hii inakula kuliko mume wangu wa pili. Hilo usiandike. Umeandika?

Basi ulipokwisha mwezi wa Ramadhani nkamwendea Ngwali nkamwambia, "Weye fundi, huna taa isiyolia njaa?"

Akacheka. Akasema, "Bi Mize, unataka taa ya jua?"

Nkamwambia, "Jua nalijua mie. Nimelianikia karafuu, dagaa na nguo za wana tisa. Taa sijaiona ndani yake."

Akasema, "Imo. Ngoja tu."

Akaja na kioo kikubwa cheusi, pembe moja kimepasuka, ameiziba kwa gundi. Kwa sababu ya ule ufa aliyekuwa nacho alikuwa hakitaki tena, akampa Ngwali. Akaja na betri ya gari ya abiria. Ile betri dereva alikuwa ameichoka, kila asubuhi gari inasukumwa. Ngwali akanambia, "Kuamsha gari haiwezi tena, lakini kuamsha taa tatu na feni dogo itaweza." Hapo nkaipenda ile betri, maana na mie ndivyo nilivyo. Katikati akatia kidude kama sabuni ya kipande, kina kijicho cha kijani. Nkamuuliza cha nini. Akasema kinaizuia betri isivimbiwe. Nkamuuliza, betri nayo huvimbiwa? Akasema huvimbiwa ikapasuka. Akaniusia ikae ukumbini penye dirisha, nisilale nayo chumba kimoja.

Waya mbili, mwekundu na mweusi, akazipitisha kwenye tundu la ukuta mpaka nje, ubavuni pa ua wake, kwenye sakafu yangu ya kuanikia karafuu. Akasema kioo mahala pake ni juu ya bati, lakini kwanza apate vyuma, na ule mnazi unaotia kivuli ukatwe. Kwa sasa kilale pale sakafuni kama kinachoanikwa. Ndivyo alivyosema, kinaanikwa. Hilo neno liandike vizuri.

Mwanangu, mie siku ile sikwenda shamba. Nilikaa mbele ya kile kioo kutwa. Niliweka sikio nkasikiliza, kimya. Nilikinusa. Nkakifunika nusu kwa kanga, nkamwita Mwanabaraka, mkewe Ngwali, aangalie kijicho ndani, akasema kimezima. Nkaokota jani moja tu la mshelisheli nkaliweka juu, nalo likaleta ukorofi, kijicho kikafifia. Jani moja. Usiku wa mwezi kumi na nne nilikianika vilevile, nione mwezi una nini. Mwezi hauna kitu, ni sura tu. Na mpaka leo sijajua jua linaingia humo kwa wapi, kwa sababu tundu hakina. Weye umesoma, unajua? Basi.

Sasa hapa ndipo penyewe. Ngwali hakunambia lolote kuhusu mvua, nami sikumuuliza, kwa sababu mambo ya mvua nayajua mie kuliko yeye. Kitu kilichoanikwa huanuliwa. Karafuu ikirowa inakuwa mpeta, imekunjamana, rangi imekwenda, ukiipeleka kuuza unarudishwa nayo. Nkasema na umeme ukirowa utakuwa mpeta, na pembe yenyewe ina ufa. Kwa hivyo wingu likifunga tu, naanua karafuu, kisha nachomoa zile waya, naanua na kioo, nakitia chini ya kitanda, nakifunika. Jua likirudi nakianika tena. Ngwali hajapata kuniona, maana anatoka asubuhi kwenda Konde na kurudi ni magharibi.

Siku ya Jumatatu, tarehe weka weye, mvua ya vuli ilikuja baada ya adhuhuri. Saa andika unayotaka, mie najua alasiri ilikuwa haijaadhiniwa. Nilikuwa nimeshaanua vyote, nimekaa ukumbini na taa yangu, maana kiza kilikuwa kimeingia, na feni linanipepea. Nkasikia hodi. Vijana wawili wa umeme, wamevaa mabuti, na mwavuli mmoja wanagombania. Aliyekuwa akisema ni mtu wa Unguja, nimemjua kwa kinywa chake. Wakataka kujua kwa nini mita yangu haijatiwa kitu tangu Ramadhani. Wakaitazama mita, imezima. Wakaitazama taa, inawaka.

Mvua juu ya bati unaijua. Ukisema unajisikia mwenyewe tu. Akanipigia kelele, "Bibi, taa inawaka kwa umeme gani? Umeme wenyewe uko wapi?"

Nkamwambia, "Nishauanua."

Akasema, "Kwa nani?"

Mie nilisikia "Wa nani?" Nkamjibu, "Wa Ngwali, jirani hapo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Siku za mvua hata mara tatu."

Wakatazamana. Akaniuliza, "Na yeye unampa nini?"

Nkasema, "Ngwali atataka nini kwangu? Nampa muhogo. Nikipika mkate wa kumimina namkatia."

Akaandika. Akatoka na mwenzake mvuani, wakafuata zile waya mpaka mwisho, na mwisho wake uko ubavuni pa ua wa Ngwali, wala hapana kitu, kwa sababu kitu kiko chini ya kitanda changu. Wakapiga picha. Nkawaambia ngojeni mvua ikate nikuonesheni ninavyoanika, na kahawa ipo. Yule wa Unguja akaniinamia kwa adabu, akasema, "Hapana haja bibi, umeshasema ukweli." Nilifurahi. Mtu mzima akiambiwa amesema ukweli anafurahi.

Jumanne asubuhi nilikwenda Kiuyu kwenye hitma. Jua lilikuwa likiwaka, lakini sikuacha kioo nje, kwa sababu hapana anayeacha karafuu sakafuni akaenda safari. Nilikianua, nkafunga mlango, ufunguo nkautia kibindoni. Niliporudi magharibi nkamkuta Mwanabaraka amekaa barazani kwangu, mtandio umemwanguka mabegani, hana habari nao.

Akanambia, "Bi Mize, umemwambia nini mtu wa umeme?"

Nkamwambia, "Nimemwambia ukweli, na mwenyewe kanishukuru."

Akasema, "Ngwali wamemchukua dukani. Wanasema shahidi wao ni weye, unanunua umeme kwa Ngwali kila siku, siku nyengine mara tatu."

Nkasema, "Mie? Mie sinunui. Mie naanua."

Mwanabaraka alinitazama, akaweka mkono kichwani. Akasema, "Uliwaambia umeshauanua." Nkamwambia ndio. "Na mvua inanyesha juu ya bati." Nkamwambia ndio. Akalisema lile neno pole pole, kisha akalisema jengine, anua, nunua, anua, nunua, akaanza kucheka, na machozi yanamtoka. Sikujua nimpe maji au nimpe pole.

Ndipo akanieleza kwamba Ngwali mlimleta Shumba mchana ule akuonesheni kioo. Akakupelekeni sakafuni, hakuna. Mlango umefungwa. Akasema basi kimeibiwa. Nasikia askari wako mmoja akamwambia, kila mwizi naye huibiwa. Ngwali akanyamaza toka hapo. Mwanangu, mtu akinyamaza si kwamba amekosa. Pengine amechoka kusema jua mbele ya watu wanaotazama waya.

Leo asubuhi nimepanda gari ya abiria na kioo mapajani, betri, kidude na taa moja nimevitia kikapuni. Utingo akaniuliza, "Bi Mize, unampelekea nani televisheni?" Nkamwambia naipeleka polisi ikatoe ushahidi. Akasema basi nauli ya televisheni hatoitoza.

Sasa unaweza kuifungua kanga. Hicho hapo. Haya, tumetoka tumerudi, umekiona mwenyewe nilivyokianika uani kwenu, na kidude kimefungua kijicho, na taa hii nimeiweka mezani kwako inawaka, na waya wa kwenye ukuta wenu haikugusa. Kama mnataka kukizuia kiwe kielelezo, kizuieni, lakini kisitiwe stoo. Humo gizani betri itakufa njaa, na mie nitarudi kulilia namba. Mtu wenu kila siku akitoe nje. Na nilikuwa nataka kukuuliza, huyo mtu wa Unguja, kwao karafuu hawaanui? Wanasemaje?

Niliyoyaona kwa macho na niliyoyasema kwa mdomo wangu ndiyo hayo. Lile nililosikiwa nimesema, silo. Nimesomewa nimesikia, ni yangu, isipokuwa pale pa mume wa pili, naomba pafutwe.

Dole gumba la kulia la shahidi: (limetiwa)

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi Koplo Msellem nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi kabla hajatia dole. Pale alipoomba pafutwe hapakufutwa, kwa kuwa maelezo yakishaandikwa hayafutwi. Ameelezwa. Hakuridhika.

Nilipokuwa nikimsomea, wingu lilifunga upande wa Konde. Shahidi aliondoka kitini bila kuomba ruhusa, akatoka uani, akachomoa waya, akakiingiza kioo ndani na kukifunika kanga chini ya meza yangu. Tone la kwanza lilianguka baada ya hapo. Taa iliyokuwa mezani iliendelea kuwaka kwa betri.

Wakati huo mtuhumiwa Ngwali Mbarouk alikuwa ameletwa kaunta kutambua kielelezo. Alisema, "Kumbe ndiye weye uliyekianua, Bi Mize. Hicho kimetengenezwa kukaa mvuani." Shahidi alimjibu, "Na huu ufa je?" Mtuhumiwa aliinama akaipapasa gundi yake.

Nimempigia simu fundi wa umeme aliyeandika taarifa ya Jumatatu. Nimemuuliza kama bibi alimwambia ameununua au ameuanua. Mvua ilikuwa imeshika juu ya bati la kituo. Aliniomba nirudie swali mara tatu, na kila mara alijibu, "Ndiyo, neno ndilo hilo hilo."

Ngwali Mbarouk ameachiwa. Ameondoka na shahidi baada ya mvua kukata, kielelezo amekibeba yeye.