Kioo Hakina Kosa

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu, na hao watoto waliozoea kuniita shangazi wa kompyuta. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimepoa, na kwamba wewe mwenyewe unapata usingizi, maana nakujua, ukipewa zamu mbili unaomba na ya tatu. Sisi hapa tu wazima kiasi. Mama goti linamsumbua ila mdomo haujambo. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, mimi ningelia, na salio lingeishia kwenye kilio. Uniwie radhi kwa mwandiko huu mkubwa kama wa mtoto wa chekechea na kwa kalamu hii nene. Sababu yake utaiona mbele.

Ujumbe wako niliwasomea wote sebuleni. Kama kawaida yako ulimsalimu Mama, ukamsalimu jirani wa mlango wa pili, ukamsalimu hata paka, kisha ukamalizia na “wengine wote hapo nyumbani”. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Nilipofika hapo alicheka kidogo akasema haya, Wengine Wote nimesalimiwa. Ndivyo anavyojiita tangu ulipoondoka. Mama hucheka naye. Mimi huwa sicheki, lakini pia sijawahi kukwambia.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza nichague kompyuta mpakato ipi ili uje nayo ukija likizo, iwe na nguvu ya kuhariri filamu na iwe nyepesi ya kubeba begani. Kaka, nashukuru kuliko ninavyoweza kusema. Unajua mpakato huu ndio jembe langu, na bila huo mimi pale studio ni mtu wa kupokea wageni na kuwaonyesha choo kilipo. Na hilo si mzaha. Bosi ameshanitamkia.

Mambo yalianza kuharibika polepole. Kwanza alikuja mwimbaji mmoja akalalamika kwamba kwenye video yake nimemtoa na uso wa mgonjwa wa homa ya manjano. Nikacheka, nikarekebisha, akarudi tena na kusema sasa amekuwa kijani. Halafu ikaja filamu ya kiwanda cha viti. Mwenye kiwanda alitazama hadi mwisho, akauliza kwa upole ile maikrofoni inayoning'inia kona ya kushoto inauzwa pamoja na viti au vipi. Watu wote wakaangua kicheko. Nilikuwa nimeitazama ile picha mara nyingi mno, kaka, na sikuwa nimeiona maikrofoni. Bosi aliniita pembeni akasema kazi inayofuata ikiharibika ataniweka kaunta na kumpa mtu mwingine meza yangu.

Mimi nikautupia lawama mpakato wangu. Nilisema kioo kimechoka, hakitoi tena rangi, kinameza vivuli. Niliupeleka kwa fundi. Akaufuta, akaupima kwa kifaa chake, akaniambia kioo hakina kosa. Nikaona huyu hajui kazi. Nikaupeleka kwa mwingine, naye akasema maneno yaleyale, kioo hakina kosa, nikajiambia basi wamekubaliana hawa. Ndipo nilipokuandikia kwamba kompyuta yangu imekufa na kazi yangu inaifuata.

Ulipokubali kuninunulia nyingine nilifurahi mpaka nikagonga kabati la vyombo nikienda kumwambia Mama. Sahani ziliruka. Mama akasema Kishindo wangu hajabadilika, na atazeeka na jina hilo. Wiki hizo nilikuwa nikigonga kila kitu, mlango ulioachwa wazi, bega la mtu njiani, ndoo. Tulikuwa tunacheka tu.

Nikaenda dukani na mpiga picha wetu wa studio, yule niliyekusimulia kwamba husema maneno machache kama anayalipia. Mwenye duka yeye ni kinyume chake. Watu humwita Mzee wa Ofa kwa sababu hakuna kitu dukani mwake kisicho na ofa, hata kiti anachokalia. Alinipangia mipakato kama mtu anayepanga ndoa. Huyu ana prosesa ya kukimbia lakini feni yake inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Huyu ana kadi ya picha ya maana ila betri inakata kabla hujanywa chai. Huyu ni mwepesi, utasahau kama umembeba, lakini kumbukumbu yake ndogo, ukimfungulia filamu ndefu ataganda. Nilimsikiliza vizuri na kumwuliza maswali mengi, maana hayo ninayajua. Nikamwambia nguvu na uzito tutaelewana, mimi shida yangu ni kioo.

Akafurahi, akaiweka mipakato miwili sambamba, akafungua picha ileile kwenye yote miwili. Picha ya mwanamke aliyevaa kitambaa cha buluu, amesimama kwenye kivuli. Akasema huu wa kulia ni wa kawaida wa kuandikia barua za kazi, na huu wa kushoto kioo chake ni cha watu wa filamu, tazama mwenyewe, huhitaji kuambiwa. Nikatazama. Nikasogea, nikarudi nyuma, nikatazama tena. Kaka, ilikuwa picha moja. Nikamwambia vioo vyake vyote viwili vimechoka.

Mzee wa Ofa alicheka sana, akidhani nataka kumshusha bei. Akamwita mteja aliyekuwa akinunua chaja, naye akasema ule wa kushoto unaonyesha hadi nyuzi za kitambaa. Akamwita na msichana wa kufagia, naye akasema hivyohivyo huku akishangaa kwa nini anaulizwa. Nikakasirika. Nikasema duka lina mwanga mbaya, nikageuka nimwambie mpiga picha tuondoke. Yeye alikuwa ubavuni mwangu, mkono ameunyoosha, amenishikia mpakato wa tatu ili nijaribu uzito wake. Alikuwa amesimama hivyo muda mrefu hadi amechoka mkono. Aliniuliza taratibu kama amenikosea kitu, maana ameniita na kunipa nami nimemnyamazia mbele za watu.

Nilipokea ule mpakato, nikausifu kwa wepesi wake, nikaomba nipewe siku za kufikiri. Njiani mpiga picha akawa anatembea upande wangu wa kushoto bila kuondoka, na kila tulipofika penye shimo alinigusa kiwiko. Mwisho alisema neno moja tu, hospitali. Nilimjibu vibaya. Baadaye niliomba radhi.

Kaka, nimekuzungusha kwa sababu naogopa kuandika. Nilikwenda. Walinikalisha mbele ya mashine, nikaambiwa nitazame katikati na nibonyeze kitufe kila ninapoona nukta ya mwanga. Nilibonyeza, nikasubiri nyingine, nikasubiri, nikadhani mashine imekwama. Nikamwambia daktari kifaa chake kimeharibika. Akanionyesha kwamba nukta zilikuwa zinakuja muda wote. Ni presha ya macho. Imekula pembezoni kwanza, upande wa kushoto zaidi, na rangi zimeanza kufifia humo humo. Hakuna maumivu, ndiyo maana mtu hajui. Kilichokwisha kwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kubaki nikitia dawa kila siku bila kuruka, ndivyo alivyoniahidi, na ameahidi kwa tahadhari.

Ninaogopa, kaka. Nikiwa peke yangu chumbani hufumba jicho moja, kisha jingine, nikiukagua ukuta kama mtu aliyeibiwa anayehesabu vitu vyake.

Lakini daktari aliniuliza swali moja ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Aliuliza ni nani mwingine kwetu mwenye shida ya macho, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea ndani ya familia. Nikajibu haraka kwamba hakuna, macho yetu sote ni mazima. Kisha nikakumbuka balbu.

Unakumbuka balbu za Baba? Alivyokuwa akizibadilisha kila mara, akigombana na muuza duka kwamba za siku hizi zimechakachuliwa hazina mwanga? Na alivyoacha kuchora mabango, kazi yake ya ujana wote, akisema rangi zinazouzwa sasa ni maji matupu? Sisi tulisema uzee umemfanya mgomvi. Majirani wakasema ana majivuno, anawapita bila salamu. Nilikaa pale kwa daktari nikaona kwamba mimi na mpakato wangu, na Baba na balbu zake, ni kitu kimoja.

Nikampeleka. Alikataa, nikamdanganya kwamba nahitaji mtu wa kunisindikiza. Alipimwa. Daktari alisema Baba anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na amekuwa hivyo kwa miaka. Kitu kikiwa mbele yake hasa, anakiona. Kikiwa pembeni, kwake hakipo. Baba akauliza tu dawa yangu itapatikana wapi, kana kwamba yeye hakuhusika.

Tulipokuwa tunarudi alitembea mkono wake begani kwangu. Kisha akaniambia jambo. Akasema siku kaka yako alipoondoka, tuligombana asubuhi, kweli, nilisema maneno ambayo baba hasemi. Lakini nilitoka hadi kituoni kumuaga. Nilisimama pale mpaka gari likawaka, nikingoja anipe mkono. Akaingia ndani bila kunipa. Akasema amejiuliza miaka yote hii ni neno gani hasa kati ya yale lililomfanya mtoto wake amnyime hata mkono.

Kaka, mimi nilikuwepo. Nilikuona umesimama ubavuni mwake karibu na mlango wa gari, mkono umeunyoosha. Nilikuona unangoja. Nilimwona Baba anatazama mbele tu, na nikakuona unaurudisha mkono ndani ya mfuko wa koti. Siku ile nilimchukia kwa ajili yako. Nikamwambia yote hayo palepale barabarani. Alisimama. Watu wakawa wanatupita kushoto na kulia. Aliniuliza wewe ulikuwa upande gani. Nikamwambia kushoto, Baba. Akarudia neno hilo, kushoto, akakaa chini kwenye ngazi za duka la watu kama mtoto, na sikuweza kumwinua mpaka alipokuwa tayari.

Basi, swali lako la kompyuta. Usininunulie kioo cha watu wa filamu, utakuwa unamvisha kipofu miwani ya fahari. Nimemwambia bosi ukweli. Hakufurahi, ila ameniacha kwenye kukata na kupanga hadithi hadi atakapoamua, na mpiga picha ameomba yeye aniangalizie rangi na kona. Sijui itadumu hadi lini. Ule mpakato wa tatu unanitosha, una nguvu na begani hauchoshi. Lakini kabla hujanunua chochote nenda kapimwe macho, wewe na watoto wako wote. Usiniambie unaona vizuri. Hivyo ndivyo nilivyosema na mimi.

Mama anakusalimu, anasema uje na sweta lake. Jirani wa mlango wa pili anakusalimu. Paka naye, ukipenda. Nimemwuliza Baba niandike nini kwa niaba yake, akafikiri sana, akasema mwambie Wengine Wote anamsalimu, na kwamba mkono wako hakuuona.

Ukija, usimwendee kwa pembeni. Njoo hadi mbele ya kiti chake, karibu, umwambie ni wewe. Halafu mpe mkono.

Mimi mdogo wako anayekupenda,

Kishindo