Mkwe wa Kibakwe

Kambi ya wakoma, 4 Machi 1909

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Wadogo zangu hawajambo? Ukoma wangu haujaenea. Ni kidole kimoja tu cha mkono wa kushoto kilichokufa ganzi.

Shaibu, mwuza chumvi, alipita hapa wiki iliyopita akanipa hongera ya ndoa. Anasema umewatangazia Wakristo wa Mpwapwa kwamba nimeolewa Kibakwe, ndiyo maana sionekani. Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Ugonjwa umechukua kidole. Maneno yako yamenichukua mzima. Kama siko kwenu, na huku kambini unanificha, niko wapi?

Ni mimi binti yako,
Zipora

Mpwapwa, 21 Machi 1909

Mwanangu Zipora,

Marahaba. Sisi tu wazima, na mama yako anakusalimu.

Nilisema hivyo kwa ajili ya wadogo zako. Nani ataoa katika nyumba ya ukoma? Nani atamleta mwanawe asome kwangu? Kula, usali, uvumilie. Mwalimu hatangui neno alilolitamka mbele ya watu.

Baba yako,
Sostenes

Mpwapwa, 10 Mei 1909

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza huku nikiogopa jibu. Barua zangu tatu hukuzijibu. Shaibu ameniambia kwamba umelala ukiuelekea ukuta, husemi na mtu, na maziwa unanyweshwa kwa kijiko. Mama yako aliposikia hayo, alikisafisha kibuyu chako cha maziwa, akakiweka mbele yangu.

Jumapili nilisimama kanisani nikasema, "Binti yangu hakuolewa. Ana ukoma, yuko kambini, na mimi nilisema uongo."

Kisha bibi Tabu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwalimu, tulijua! Mkwe gani huyo wa Kibakwe asiyeleta hata ndama? Zizi lako tunalipita kila siku!"

Kanisa zima likacheka. Zipora, miaka ishirini nimewafundisha Wagogo wenzangu kuhesabu, nikasahau kwamba kuhesabu ng'ombe wa mahari walijua kabla yangu. Wazazi wawili wamewaondoa watoto wao shuleni. Waende. Tabu amenipa asali nikuletee.

Ninakuja na kibuyu. Usipoisoma barua hii, nitakusomea mwenyewe.

Baba yako,
Sostenes

Kambini, 6 Juni 1909

Baba yangu,

Shikamoo. Ulifika salama nyumbani? Mama anaendeleaje? Mimi ni mzima wa moyo, na ugali wa uwele naula hata Matonya, mzee wetu wa kambi, analalamika kwamba nitamaliza ghala.

Siku ile ulipokuja ulikunywa maziwa, ukanipa, nikanywa. Ukakipokea tena kibuyu kilekile, ukanywa mbele ya kambi nzima. Tangu hapo hakuna aliyetulia hapa. Matonya alipiga vigelegele kama mama wa bwana arusi, na hadi leo haoni haya. Kila siku wananijia: "Zipora, kwetu wamesema nimekufa. Niandikie." Naanza asubuhi, kwa mkono huu wa kulia ulio mzima.

Shaibu anakuletea barua kumi na tisa pamoja na hii. Zipeleke nyumba kwa nyumba. Zisome kwa sauti yako ya darasani, mlango ukiwa wazi, majirani wasikie.

Anza na ile ya Ruthu. Mumewe amekwisha kumfanyia matanga. Mwambie kwamba marehemu anataka blanketi lake.

Binti yako asiyeolewa,
Zipora