Sekunde Kumi na Moja za Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike, na tulidhani tunajua la kuandika kwenye tangazo hili la kumbukumbu. Tungesema ulikuwa mpole, mchapakazi, mpenda wajukuu. Kisha wiki tatu zilizopita mgeni akaingia kinyozini kwako.

Kaka alikuwa anafagia nywele. Alipoinua kichwa akamwona mama mmoja wa makamo amekaa kwenye kiti chako cha kuzunguka, mkoba mapajani. Kaka akamweleza kwa adabu kwamba hapa tunanyoa wanaume tu. Mgeni akasema hakuja kunyolewa, anamtafuta mpiga ngoma. Kaka akamjibu kwamba mpiga ngoma alishafariki, na yeye ni mwanawe. Yule mama hakuinuka. Wateja wawili walinyolewa kwenye kiti cha pili wakaondoka, yeye bado amekaa.

Alikuwa ndiye mwimbaji wako, Baba. Yule aliyeiwakilisha nchi yetu kwenye mashindano ya kimataifa ya nyimbo miaka thelathini na mmoja iliyopita, yakionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, wewe ukiwa nyuma yake kwenye ngoma.

Wenye umri wanakumbuka kilichotokea. Taa ziliwaka, kiongozi wa bendi akakupa ishara, na wewe hukuanza. Sekunde kumi na moja za kimya, mataifa yote yakitazama. Kura zilipohesabiwa tulikuwa wa mwisho, bila pointi hata moja. Magazeti yakaandika kwamba mpiga ngoma alisinzia. Wiki iliyofuata bendi ya televisheni ikakuachisha kazi, ukaenda kujifunza kunyoa.

Sisi tulikua tukiitwa watoto wa Bwana Usingizi. Kwenye harusi ya dada, mshereheshaji aliwahesabisha watu moja hadi kumi na moja kabla ya keki kukatwa, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ulicheka nao. Dada alikwenda kulia chooni na hakuwahi kukuambia. Anakuambia leo.

Mimi, kitinda mimba wako, nilikuuliza siku niliyovaa joho. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu ukweli, nikaona nina haki ya kuupata wa kwetu. "Baba, ni kweli ulilala?" Ulikuwa unaninyooshea kola. Ukasema, "Nilikuwa kazini, mwanangu." Nilidhani unanikwepa.

Kinyozini ulikuwa na mtindo wako. Ukishamfunga mteja kitambaa, unashika mashine, unamtazama kwenye kioo, unasubiri aitikie kwa kichwa. Hata awe mtoto wa miaka minne. Wateja wakikutania, "Mzee, leo tuhesabu hadi ngapi?" unawajibu kwamba kichwa ni chao, si chako. Na mezani hukugusa kijiko kabla Mama hajakaa, chakula kikipoa na kipoe. Tulidhani ni uzee tu.

Kaka alimleta mgeni nyumbani, Mama akampa chai. Mgeni akasimulia kwamba siku ile alikuwa na miaka kumi na tisa. Dakika chache kabla ya kuitwa, kwenye korido ya nyuma ya jukwaa, maneno ya wimbo yalimtoka yote kichwani. Hakumwambia mtu ila wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa karibu, umeinama unafunga kamba za viatu. Alikuomba usianze mpaka akugeukie na kuitikia kwa kichwa. Ukamwambia, "Sianzi." Basi. Taa zikawaka na neno la kwanza halijaja. Kiongozi wa bendi alikupungia mara mbili, mara ya tatu akakuonyesha ngumi. Vijiti vyako vilikuwa juu. Neno lilipokuja akageuka, akaitikia, ukaanza, naye akaimba mpaka mwisho bila kukosea.

Mama alimsikiliza asimkatize. Kisha akamuuliza taratibu, "Miaka yote hiyo, mwenzangu, ulikuwa na ulimi?"

"Nilikuwa nao, dada," akasema mgeni. "Kila mwaka nilisema mwakani. Na yeye hakunitaja kwa mtu."

Mama akamwongezea chai. Alipokuwa anaosha vikombe ndipo hasira zikampanda, tena si kwa mgeni, ni kwako. Alisema alikaa na wewe miaka thelathini na mitatu, ungemwambia yeye peke yake, angemwambia nani?

Tumevurugikiwa, Baba. Mjukuu wako ameipata ile video kwenye simu, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutaka kuitazama. Sasa tunairudia kila siku. Umeinamisha kichwa, na ile sahani ya shaba inayopigwa pamoja na ngoma zako imekuziba macho. Dada anasema umeyafumba. Kaka anaapa unachungulia kwa chini. Mimi naangalia mikono, naona haishuki. Kaka akauliza kama tungepata pointi, iwapo ungeanza mapema. Mama akasema wimbo wenyewe ulikuwa mbaya, na hapo tukacheka kwa mara ya kwanza tangu mgeni aje.

Hatujui tujivune, tukulaumu, au tukuombe radhi. Kila mmoja wetu ameamka na moja akalala na jingine. Nimetembea mjini siku hizi nikiwatazama watu wanaosemwa vibaya, nikijiuliza ni wangapi kati yao walikuwa kazini. Natumaini ni wengi.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado hajamaliza kugombana na wewe, na kaka, anayeendelea kusubiri wateja waitikie, na dada na mumewe, na wajukuu zako watatu, na wadogo zako, na mimi. Yumo pia mwimbaji wako, ambaye Mama amekubali tumtaje, ila awe wa mwisho kwenye orodha.

Hutatoka mioyoni mwetu, hata siku ambazo hatukuelewi.

Ulimwambia binti wa watu kwamba huanzi mpaka aitikie. Hukuanza.